Mguu wa Mbele wa Kushoto

Kwenye kona ya barabara inayoteremka Soko Ng'ombe, mjini Garissa, kuna ubao mrefu uliolazwa juu ya rimu mbili za lori. Ubao huo umekata kesi nyingi kuliko mahakama, ingawa hakuna hukumu yake hata moja iliyowahi kutekelezwa. Kivuli ni cha mwarobaini mmoja uliokonda na cha ukuta wa duka la mitumba, na kwa kuwa kivuli huhama na jua, wenye ubao husogea nacho, tako kwa tako, tangu adhuhuri mpaka alasiri. Deka huleta birika lake la kahawa ya tangawizi baada ya swala ya adhuhuri, akaliteleka kwenye jiko la makaa, na sheria yake ni moja tu: birika likiisha, maneno yameisha, hata kama mtu yuko katikati ya kiapo. Alhamisi hiyo birika lilikuwa limejaa, jua limeshika kazi yake bila masihara, na gari la Galgallo limeegeshwa mbele ya ubao, boneti wazi.

Lilikuwa gari la familia la zamani, refu nyuma, jeupe zamani na sasa rangi ya vumbi. Likienda polepole lilikuwa na adabu zake. Lakini tangu Jumanne, likifika themanini kwenye lami, usukani ulianza kutetemeka mikononi mwa mwenyewe, kwanza kidogo, kisha kwa hasira, mpaka kile kioo cha kutazamia nyuma kikang'oka na kuanguka mapajani. Siku mbili tu zilitosha kijiweni Galgallo aitwe Rubani. Walisema gari lake hutetemeka kwanza ndipo lipae.

Siku nyingine angecheka nao. Lakini jana basi la kutoka Ijara liliharibikia Bura, na ndani ya basi hilo alikuwamo Mama Sake, mama mkwe wake, anayekuja kumchukua Maryan na mtoto aliyetimiza arobaini, wakapumzike kwake mwezi mmoja. Galgallo alikwenda kumfuata. Mama Sake alishika mlango kwa mikono miwili toka Bura hadi Garissa. Kwa desturi ya kwao mkwe na mama mkwe hawasemezani ana kwa ana, maneno hupitia kwa mtu wa tatu, basi alipofika nyumbani alimwambia binti yake, kwa sauti ya kutosha kuvuka pazia:

— Maryan, mwambie mwenye gari, mimi simpandishi mjukuu wangu kwenye kitu kinachotetemeka kuliko mimi. Kesho alasiri kikiwa hakijatulia, nitampigia Mursal.

Mursal alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi mwenye pikapu mpya ya milango minne. Pia ndiye aliyewahi kutuma wazee kumposa Maryan, kabla wazee wa Galgallo hawajafika. Usiku ule Galgallo hakupata hata lepe la usingizi.

— Haya, sema tena, Rubani, alisema Noordin, akipuliza kahawa yake. Linatetemeka wapi hasa?

Noordin, jina la kijiweni Injinia, ndiye fundi wa pancha wa kona hiyo. Pampu na vyuma vyake vilikuwa hatua tano kutoka ubaoni. Lakini aliwahi kushika bendera nyekundu mwaka mzima kwenye kambi ya wajenzi wa barabara, na tangu siku hizo aliamini kwamba tairi ni kazi ya tumbo tu, akili yake ni ya injini. Ukimletea gari bovu, kitu cha mwisho atakachotazama ni gurudumu.

— Usukani, alijibu Galgallo. Kwenye themanini.

— Ni mauntingi. Injini imelegea kitandani mwake. Inacheza kule, usukani unaitikia huku. Penye moshi hapakosi moto.

— Moshi uko wapi? aliuliza Muriuki.

— Huo ndio ubaya wake. Hauonekani.

Muriuki alikuwa mwalimu wa fizikia kutoka Embu, mwaka wa sita sasa Garissa, na walimwita Silabasi kwa kuwa hakukubali jambo lolote ambalo halikufundishwa kidato cha tatu. Alifungua mdomo ajibu, lakini mtu wa tatu wa ubaoni alikuwa amekwisha kuinuka. Huyo ni Awil, dalali wa ngamia, anayeitwa Dalali bila hata kubuni. Alichuchumaa mbele ya gari, akatazama taa zote mbili kama mtu anayekagua macho, akapapasa gurudumu moja, akapapasa la pili, akarudia la kwanza na kulipiga teke dogo.

— Hii mnyama nachechemea, alisema. Mguu ya mbele. Kushoto.

— Gari si mnyama, Dalali, alisema Injinia.

— Kitu yenye miguu nne, nakunywa, natoa moshi nyuma, wewe naita nini? Sikia. Ngamia akienda bole bole, huwezi kujua. Kimbiza yeye kidogo, utaona kichwa natingika. Mjinga natibu kichwa. Ugonjwa iko kwa mguu. Hiyo usukani ni kichwa tu.

Awil akizungumza Kiswahili, kila "pole pole" huwa "bole bole", na ngeli anaziachia wenyewe watafutane. Lakini bei hakosei, na ngamia hakosei.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, aliongeza, akarudi kukaa.

— Methali hiyo haihusu miguu, alisema Silabasi.

— Iko na guu ndani ama haiko?

Silabasi alikiri kwamba imo.

— Mimi nauliza kitu kingine, alisema Deka, akimimina. Paka wangu ana nini na gari hili? Tangu Jumanne likipita tu analifuata.

Kweli, paka wa manjano alikuwa ameketi kando ya gurudumu la mbele la kushoto, anailamba ile chuchu ya kutilia upepo kwa utulivu mkubwa. Wanaume wakijadili mitambo, swali la paka huwa halina nafasi.

Silabasi aliokota kijiti.

— Tufuate utaratibu, alisema. Rubani, kwenye sitini?

— Limetulia.

— Themanini?

— Linatetemeka.

— Mia?

— Linatulia tena. Lakini nani ataendesha mia na mama mkwe ndani?

— Ukikanyaga breki, mtetemo unazidi?

— La.

— Basi si breki. Ukiuachia usukani, gari linavuta upande?

— Halivuti.

— Basi si alaimenti. Na likisimama, injini ikinguruma, usukani unatikisika?

— Hautikisiki.

— Basi si mauntingi. Samahani, Injinia.

Injinia alitazama upande wa pili wa barabara kana kwamba kuna mtu anayemwita. Silabasi alichora duara mchangani, akaweka kokoto moja ukingoni mwake.

— Gurudumu likiwa na uzito zaidi upande mmoja, kila likizunguka ule uzito unalirusha. Polepole husikii. Mwendo fulani ukifika, mrusho na mwendo vinapatana, ndipo usukani unapagawa. Ukipita hapo, vinaachana. Dalali amesema mguu wa mbele wa kushoto, na kwa mara ya kwanza nakubaliana naye. Kuna kitu kimeganda pale. Tope kwenye rimu, au kitu ndani ya tairi.

— Ndani ya tairi mna upepo, alisema Injinia, akicheka. Mimi nimefungua tairi maisha yangu yote. Nani atatia kitu ndani ya tairi? Tairi si kapu.

Kikombe cha Galgallo kilisimama njiani, kati ya goti na mdomo.

Kwa kweli mpaka dakika hiyo hakuwa amewaza. Alikuwa amekuja kijiweni na moyo mweupe, au mweupe kiasi, akitaka kujua gari lake linaumwa nini. Sasa alijua.

Ilikuwa hivi. Jumatatu alikuwa anarudi kutoka Hulugho kupeleka mzigo, akapitia Ijara kumsalimu mama mkwe, kwa mbali, kama inavyopasa. Mama Sake alimpa dumu la lita tano la maziwa ya ngamia, ampelekee Maryan anayenyonyesha. Dumu lenyewe alikuwa amelifukiza moshi kwa mikono yake, kwa kuni za mti anaoujua yeye na marehemu mama yake, na wanawake wa Ijara wanasema ukinusa maziwa ya Sake gizani utayataja kwa jina. Alipita Bura na jua linazama, mwiba ukaingia tairi la mbele la kushoto. Spea ilikuwa imechanika ubavuni tangu mwezi uliopita. Simu haikuwa na mtandao. Alikaa kando ya barabara akamwaza Maryan peke yake na mtoto, na hapo akakumbuka maneno ya dereva mmoja mzee wa malori ya Liboi: tairi likivuja kidogo kidogo, lipe maziwa, maziwa huziba. Alifungua ile chuchu, akatafuta faneli, akamimina. Si yote kwa mara moja. Lakini mwishowe yote. Akajaza upepo kwa pampu ya mguu, na wallahi tairi likaziba, akafika nyumbani saa tatu usiku akiwa salama.

Nyumbani akasema dumu lilifunguka njiani, maziwa yakamwagika. Mama Sake aliposikia kwa simu alisema, maziwa yakimwagika ni kudra. Na hiyo ndiyo iliyokuwa inamtafuna Galgallo. Kumwagika ni kudra, kila mtu husamehewa. Lakini maziwa ya mzazi, yaliyotolewa kwa dua, kuyanywesha gurudumu? Kwao hata tone likianguka chini, mtu huligusa kwa kidole akakipeleka kwenye paji la uso. Jambo hilo lingesimuliwa Ijara mpaka mtoto wake aoe.

— Mimi naona Injinia yuko sahihi, alisema upesi. Hii ni injini tu.

Injinia aligeuka polepole. Katika miaka yote ya kijiwe hicho hakuna mtu aliyewahi kumwambia yuko sahihi, na neno hilo lilimlewesha.

— Mnasikia? Mwenye gari amesema. Na nitawaambia zaidi. Mauntingi ni dalili tu. Chanzo ni Ikweta.

— Ikweta? alisema Silabasi.

— Mstari umepita hapo juu yetu, si mbali. Ukiusogelea na gari la chuma, ule mstari unavuta. Maji yanageuka mzunguko, kweli si kweli? Basi na oili iliyo ndani ya usukani inageuka. Huku inataka kwenda kulia, huku kushoto. Usukani ufanye nini? Unatetemeka. Fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi.

— Injinia, Ikweta haina...

— Mwache amalize, Silabasi, alisema Galgallo kwa moyo wote. Mimi hata juzi nilihisi kitu kama hicho.

— Na mbona lori hazitetemeki? aliuliza Silabasi.

— Lori ni nzito, alisema Injinia. Mstari unaziogopa.

Deka aliinua kifuniko cha birika, akachungulia.

— Tumefika nusu, alitangaza. Na paka amerudi.

Galgallo alimrushia paka kokoto. Paka akasogea hatua mbili, akamtazama kwa dharau, akarejea palepale.

Muda wote huo Awil alikuwa akilitazama gari kama dalali anayetafuta bei nyingine. Aliuliza:

— Rubani, hii gari kabla yako ilikuwa ya nani?

— Ya jamaa mmoja wa mji wa Maua.

— Nafanya kazi gani?

Galgallo alisita kidogo.

— Alikuwa anabeba miraa.

Awil alipiga goti kofi.

— Imekwisha. Hii gari iko na arosto. Nakosa miraa yake.

— Gari haliwezi kuwa na arosto, alisema Silabasi.

— Miaka kumi nabeba miraa kila siku, usiku, mbio, bila kulala. Leo nabeba simiti na mama wakwe. Wewe mwenyewe ungetetemeka. Themanini ndio ilikuwa mwendo yake ya kuanza kazi. Ikifika hapo nakumbuka, natafuta yake, haioni. Haba na haba hujaza kibaba.

— Hiyo methali imeingiaje hapo?

— Bole bole, kama zile zingine.

— Ni kweli kabisa, alisema Galgallo. Mimi nimewahi kuliona linageukia upande wa Maua lenyewe.

Alikuwa amesahau kwamba dakika chache kabla alisema gari halivuti upande. Silabasi hakusahau. Alimtazama Galgallo kwa jicho la mtu aliyesimamia mitihani mingi.

Dawa ya arosto inajulikana. Awil alitoa shavuni... la, si shavuni, alitoa mfukoni kifungu kidogo kilichofungwa kwa jani la mgomba, akachagua vijiti vitatu vyekundu, akaingia garini na kuvichomeka kwenye tundu za upepo juu ya redio. Injinia alisoma Bismillahi. Galgallo akawasha. Gari likanguruma, usukani ukatulia tuli, umelala usingizi wa mtoto.

— Imepona, alisema Awil.

— Limesimama, Dalali, alisema Silabasi. Hata jana likisimama lilikuwa limepona.

Awil alitafakari hoja hiyo, akavichomoa vijiti vyake na kuvitia kinywani ili visipotee bure.

Kivuli kilisogea, na ubao mzima ukasogea nacho. Saa tisa ilikuwa imepita. Galgallo alimwona moyoni Mursal, na pikapu yake nyeupe, akimfungulia Maryan mlango kwa adabu zote, na mtoto akiingizwa ndani penye baridi ya kiyoyozi. Alimpenda mkewe, hilo halikuwa siri. Alimpenda kiasi cha kumwaga maziwa, na sasa hayohayo maziwa yangempeleka Maryan kwenye gari la mtu mwingine.

— Suluhisho ni dogo, alisema Silabasi. Tufunge spea, uende lami ya Bura dakika tano, urudi. Likitulia, tumejua.

— Spea imechanika ubavu.

— Hiyo haizibiki, alisema Injinia kwa masikitiko ya kikazi.

— Basi tulifungue hilihili.

— Hapana, alisema Galgallo.

Lilitoka haraka mno. Hata paka aliinua kichwa.

— Mficha uchi hazai, alisema Awil, akitafuna.

— Unamaanisha nini? Galgallo alimgeukia.

— Sijui. Ni methali mzuri tu.

Deka alimimina tena, na safari hii aliliinamisha birika zaidi. Hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini miaka minane ya kuwamiminia wanaume wanaosema uongo ilimfundisha kusikiliza kinachobaki kikombeni.

— Galgallo, alisema, akimwita kwa jina lake la nyumbani. Muda unakwenda. Unaogopa gurudumu au unamwogopa mtu?

Galgallo alihesabu mambo mawili. Akifunguliwa gurudumu sasa, kijiwe kitacheka, na kijiwe hakijawahi kumwua mtu kwa kicheko. Asipofunguliwa, Maryan anaondoka na Mursal. Mama Sake alikuwa nyumbani anafunga mizigo na hawezi kuja mpaka aitwe.

— Fungueni, alisema. Lakini sasa hivi, kabla mtu hajaja.

— Mtu gani? aliuliza Injinia.

— Yeyote.

Injinia alinyanyuka kwa uzito wa mtu aliyeshushwa cheo. Alitia jeki, akalegeza nati moja baada ya moja huku akilalamika kwamba muda huu angekuwa ameshashusha injini. Alilitoa gurudumu, akalilaza chini, akatoa upepo. Kilichotoka kilianza kama upepo, kikaishia na povu. Paka alisimama wima.

— Hii inanuka nini? alisema Injinia.

— Maua, alisema Galgallo. Ni harufu ya Maua.

— Asalaam aleikum.

Galgallo hakuhitaji kugeuka. Mama Sake alikuwa amesimama ukingoni mwa kivuli, mtandio wake wa buluu umefunika nusu ya uso, simu mkononi. Alikuwa amemaliza kufunga mizigo mapema, akaja aone kwa macho yake kama gari limetengenezwa au apige ile simu. Watu waliitikia salamu. Galgallo alirudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagusa mwarobaini, akajibanza upande wake wa pili, kwa heshima na kwa woga, na siku hiyo vyote viwili vilikuwa kitu kimoja.

— Karibu, hooyo, karibu mama, alisema Deka, akimfutia nafasi. Aliinamisha birika hadi mwisho, likatoa nusu kikombe. Akamwambia, hii ndiyo ya mwisho.

— Subiri kidogo, Injinia, aliita Galgallo kutoka nyuma ya mti. Tupumzike.

Lakini Injinia, akishaanza kazi aliyoidharau, hutaka imwondoke. Alisimika chuma chake kwenye ukingo wa tairi, akakipiga nyundo mara moja, mara mbili. Mara ya tatu tairi liliachia rimu.

Harufu ilipanda na kukaa ubaoni kama mgeni mwingine. Ilikuwa harufu ya maziwa yaliyochacha siku tatu kwenye jua la Garissa. Injinia alifumbua tairi kwa chuma, na ndani, upande mmoja tu, paliganda bonge jeupe lenye umanjano, gumu kingoni na laini katikati, urefu wa mkono mzima. Gari lilipolala usiku maziwa yalikuwa yametulia chini, jua likawaka, yakagandia palepale. Silabasi alilitazama bonge, akalitazama duara lake mchangani, akaona haya kushangilia.

Awil alimega kipande kwa ukucha, akakinusa, akakigusisha ulimi. Hakuna aliyemwomba.

— Ngamia, alisema. Mimba ya tatu. Malisho ya Ijara.

— Dalali, nyamaza, alisema Deka.

Lakini harufu haikunyamaza. Chini ya ule uchachu kulikuwa na kitu kingine, chepesi, kitamu, na kila mtu ubaoni alikisikia: moshi. Mama Sake alishusha mtandio kutoka puani. Alivuta pumzi mara moja tu. Aliweka kikombe chake chini, polepole, na kahawa bado imo.

— Deka, mwanangu, alisema. Mimi niliambiwa maziwa yalimwagika. Muulizeni mwenye gari. Yalimwagikia wapi?

Deka alimgeukia Awil.

— Mama anauliza, yalimwagikia wapi?

Awil alimgeukia Injinia.

— Nauliza, ilimwagika wapi?

Injinia, magoti chini na chuma mkononi, alimgeukia Silabasi.

— Anataka kujua yalimwagikia wapi.

Silabasi aligeukia mwarobaini. Galgallo alikuwa amelisikia swali mara nne, kutoka hatua tatu. Silabasi alikohoa, akasema tena, kwa sauti ya chini:

— Yalimwagikia wapi, Rubani?

Deka alilipindua birika, likatoa matone matatu na machicha. Kwa sheria ya mahali pale watu walipaswa kuondoka. Hakuna aliyeondoka.

— Mwambie hayakumwagika, alisema Galgallo hatimaye. Mwambie niliyamimina mwenyewe, kwa mkono wangu. Nilikuwa nimepita Bura, jua limezama, spea sina, mtandao sina. Maryan alikuwa peke yake na mtoto. Nilitaka kufika nyumbani tu. Halafu nikaona haya kusema.

Silabasi alimwambia Injinia, Injinia akamwambia Awil, Awil akamwambia Deka. Kila mmoja aliyasema yote bila kupunguza neno, na Awil hakuongeza methali. Mama Sake alikuwa ameyasikia tangu mwanzo, lakini aliyasubiri yafike kwa njia yake.

Aliiangalia simu yake. Kisha akachovya kidole kwenye lile bonge, akakipeleka kwenye paji la uso.

— Muulizeni, na yaliziba?

Injinia hakungoja zamu.

— Yaliziba, mama. Gundi yangu haizibi hivyo.

— Basi yamemfikisha baba kwa mwanawe, alisema Mama Sake. Aliitia simu ndani ya mtandio, akaendelea: Mwambieni asafishe gurudumu. Maryan ameshafunga mizigo. Na mwambieni, dumu la safari nitalipakata mimi.

Ujumbe ulisafiri ubao mzima mpaka mwarobaini. Galgallo aliitikia kwa kichwa, akatoka nyuma ya mti akamsaidia Injinia kukwangua na kutia kiraka kwenye tundu la mwiba. Paka wa Deka alipata haki yake.

Alasiri ilipokwisha kuswaliwa walikuwa kwenye lami ya Bura, Maryan kiti cha nyuma na mtoto, Mama Sake kando yake na dumu jipya mapajani, maziwa yaliyonunuliwa kwa Idil, muuza maziwa wa sokoni. Ndani ya plastiki ile nyembamba yalionekana mpaka yalipofika. Sitini. Sabini. Galgallo alishika usukani kwa vidole tu. Themanini. Kule nyuma Mama Sake alikuwa ameinama, anatazama dumu. Alilitazama kilomita nzima.

— Maryan, alisema, mwambie mwenye gari maziwa yametulia.